Vyuma Vimekaza Lakini Chai Ipo: Majibu ya Shangazi Mwezi Huu

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita nilisema kwa kupitia tu kwamba mtu akitaka kualika watu wakati huu wa hali ngumu basi aalike chai asialike chakula cha usiku, sentensi moja tu jamani, barua zikamiminika utadhani nimetangaza nagawa sukari bure. Wengine wanauliza kweli, wengine wamenitukana kistaarabu, na mmoja kaniuliza mi naishi dunia gani ambayo watu bado wana visahani. Naishi hii hii mwanangu, na visahani vyangu vimebaki vitatu.

Shikamoo Shangazi. Mwaka huu nimepunguziwa mshahara, mume wangu biashara imelala, na kila nikifungua simu ni vita, bei kupanda na watu kuachishwa kazi. Nimechoka kukaa na huzuni nikawaambia mashosti zangu sita waje Jumamosi tunywe chai, ila iwe chai ya heshima, watu wamependeza, meza imetandikwa. Mume wangu kacheka mpaka kapaliwa, anasema dunia inaungua we unapiga pasi kitambaa cha meza. Hivi nakosea? Na nitafanyaje ionekane ya maana wakati mfukoni kumekauka? – Mpiga Pasi

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie baba watoto kwamba dunia ikiungua na kitambaa kikabaki na makunyanzi tutakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Alafu umwambie hii chai ya kistaarabu haikuanzishwa na walioshiba, ilianzishwa na njaa. Anayetajwa kuianzisha ni Anna, Duchess wa Bedford, yaani mke wa mkabaila mkubwa huko Uingereza miaka ya 1840 hivi, ambaye aliona toka chakula cha mchana mpaka cha usiku ni mbali mno, tumbo linalia, akawa anaagiza chai na mkate na kitu kidogo cha pembeni aletewe chumbani, baadae akaanza kuita na wenzake. Mi siku zote nahisi kuna mtu alimfuma na mkate mdomoni ndo akasema aaa karibu, nilikuwa nakusubiri wewe.

Na ukitaka kumaliza ubishi kabisa mpe hii. Vita kuu ya pili, Julai 1940, serikali ya Uingereza ikaanza kugawa chai kwa mgao, aunsi 2 kwa mtu kwa wiki, ni kama gramu 57, na mgao wenyewe haukuondolewa mpaka Oktoba 1952, vita imeisha miaka 7 nyuma. Kikombe kimoja kinakula gramu 2 hivi za majani kwa hiyo piga hesabu, ni vikombe 28 kwa wiki, vinne kwa siku, na ukimkaribisha mtu ujue unamnywesha cha kwako cha kesho asubuhi. Mwaka huo huo wa 1940 wakapiga marufuku sukari ya kupambia keki, ndo maharusi wakawa wanaazima keki ya boksi, na nikisema boksi namaanisha boksi, karatasi ngumu nyeupe imetengenezwa kama keki ya ghorofa, maua na nakshi zote zipo, ukiinua chini yake kuna kikeki kidogo cha saizi ya kofia ya mtoto. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba watu walijua. Hakuna aliyedanganywa, bi harusi anajua, wageni wanajua, mpiga picha anajua, na bado lile boksi likawekwa katikati ya meza kwa heshima zote.

Basi na wewe fanya hivo hivo, weka boksi lako mezani ila usiseme ni keki. Kinachoharibu mialiko siku hizi sio ukata, ni mtu kukopa ili aonekane hana ukata, alafu anakaa kwenye kiti anahesabu kila biskuti inavyoingia mdomoni kwa mgeni, na mgeni anaona, macho hayana pazia.

Sasa mambo ya vitendo. Kwenye mwaliko andika muda wa kuanza na wa kuisha, chai saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, hapo umeshasema bila kusema kwamba hakuna wali. Na usiiite "hai tii" kwa kutaka kujimwambafai, watu wengi wanadhani hilo ndo jina la kifahari kumbe hai tii ya zamani ilikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi waliotoka kazini na njaa yao, na nyama juu, ukiita hivo mgeni anayejua historia atakuja na tumbo tupu na atakuwa na haki.

Mko saba, kila mtu vikombe vitatu, ni 21, mara gramu 2 ni gramu 42, kwa hiyo pakiti ndogo ya gramu 50 inawatosha na wewe unabaki na ya asubuhi. Hela kidogo uliyonayo iweke kwenye majani mazuri, usiitawanye kwenye vitu saba vya hovyo. Chai nzuri na kitu kimoja cha kutafuna kilichotengenezwa vizuri. Sandwichi za tango zinatosha kabisa, kata tango jembamba mpaka uone kisu upande wa pili, nyunyizia chumvi kidogo uache dakika kumi litoe maji, likaushe, paka siagi kwenye mkate mpaka pembeni kabisa ili mkate usilowane, panga tango, funika, ndo ukate zile kingo za mkate mwishoni na sio mwanzoni, ukikata mwanzoni kila kipande kinatoka na umbo lake kama meno ya mtoto wa miaka sita. Kingo usitupe, zikaange kesho. Wakati unasubiri wageni zifunike na kitambaa kibichi kilichokamuliwa, la sivyo zinakauka zinajikunja juu kama zinakusalimia.

Na kuhusu kitambaa. Mi mwaka fulani nilialika watu wanne wakati nilikuwa sina kazi, nikaunguza kitambaa changu pekee na pasi nusu saa kabla, alama ya kahawia kabisa, umbo kamili la pasi mpaka na kile kincha. Nikaweka sahani ya biskuti juu yake nikajiona mjanja. Sasa biskuti zikaanza kuisha, na kila mgeni alivyokuwa anataka kusogeza sahani karibu mimi naivuta inarudi, nasema acha tu nitakupakulia, naivuta, nitakupakulia, mpaka mmoja akaniuliza kwa upole hivi hizo biskuti umezihesabu? Ikabidi niinue sahani. Walicheka dakika tano nzima, alafu mmoja akatoa mguu kwenye kiatu akatuonyesha soksi yake ilivyotoboka kidole gumba kikatoka, na baada ya hapo ndo mazungumzo ya ukweli yakaanza, nani anadaiwa, nani anatafuta kazi, nani anajua sehemu wanaajiri. Kwa hiyo piga pasi mwanangu, ila ukiunguza usifunike.

Shangazi mambo. Mimi ni mwanaume naishi peke yangu na nataka kualika watu wa ofisini chai (usinicheke). Shida ni tatu: umeme unakatika hovyo, buli ni moja dogo, na vikombe havifanani, kimoja kina picha ya paka na kingine kimeandikwa "Baba Bora" na mimi sina mtoto. – Baba Bora Asiye na Mtoto

Poa baba. Nicheke nini, hapa nakupigia makofi.

Umeme usikuumize kichwa, tumia akili ya Warusi na samovari zao, yale mabirika makubwa ya kuchemshia maji. Wao hawapiki chai upya kila mgeni akiomba, wanatengeneza chai nzito sana kwenye buli dogo, nyeusi kabisa, alafu kila mtu anamiminiwa kidogo chini ya kikombe na kuongezewa maji ya moto mpaka anavyopenda. Wewe samovari huna lakini una chupa za chai, au utaazima kwa jirani. Asubuhi umeme ukiwepo chemsha maji, jaza chupa mbili, funga vizuri. Saa ya wageni tengeneza ile nzito kwenye buli, chuja majani baada ya dakika tano yasikae yakachachuka, basi buli lako dogo limekuwa la watu kumi. Nyongeza ni kwamba yule wa ofisini anayependa ya rangi ya kuta za hospitali na yule anayependa iliyokolea mpaka kijiko kinasimama wote wanapata haki yao bila kikao.

Ukitaka kujionyesha na chai ya kijani basi kumbuka hiyo haitaki maji yanayotokota, nyuzi 70 mpaka 80 zinaitosha, ukiiunguza inakuwa chungu na watu wataimeza kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko wangekataa. Chai nyeusi ndo inataka maji yamechemka kweli.

Vikombe visivyofanana usiombe radhi hata kidogo, panga kama ulivyokusudia. Cha paka mpe bosi. "Baba Bora" kaa nacho wewe, na wakikuuliza kunywa kwanza ndo ujibu.

Habari ya kazi Shangazi. Familia yetu imegawanyika sababu ya siasa, kaka yangu na shemeji yangu hawasalimiani toka uchaguzi. Mama anataka wote waje kwenye chai yake ya kutimiza miaka sabini. Mimi ndo mwandaaji na nalala nikiota vikombe vinaruka. – Mlinzi wa Amani

Nzuri dada, na pole, kazi uliyopewa hata Umoja wa Mataifa wangeomba posho kwanza.

Kulikuwa na mzee mmoja Japani anaitwa Sen no Rikyū, alizaliwa 1522, kipindi ambacho wababe wa vita walikuwa wanachinjana nchi nzima, sio kununiana kwenye grupu la familia, kuchinjana. Huyu mzee ndo bingwa wa sherehe ya chai ya kule, na vyumba vyake vya chai vilikuwa vidogo na mlango wake ni mdogo zaidi, kishimo cha sentimita 66 hivi, hata uwe jenerali unaingia kwa magoti kichwa chini. Upanga hauwezi kupita nao vizuri kwa hiyo unauacha nje kwenye kishikio chake. Mle ndani mnakaa chini wote, mnaangalia maji yanavyochemka, hakuna mkubwa.

Mlango usibomoe, ila hiyo akili ichukue. Siku hizi upanga ni simu. Weka kikapu kizuri pale mlangoni, mama mwenyewe akae pembeni yake, na kila anayeingia aweke simu humo ndo apewe kikombe. Kaka hawezi kumkatalia mama wa miaka sabini, na shemeji hawezi kukubali kaka aonekane mtiifu kuliko yeye. Bila simu hakuna wa kusema ngoja nikuonyeshe video, na ugomvi wa siasa bila video unachoka haraka sana. Alafu wape kazi zinazowafanya wahitajiane, mmoja abebe buli na mwenzake abebe maziwa, wapite pamoja meza nzima. Mtu akishika maji ya moto mbele ya mama mkwe anakuwa mpole.

Ikishindikana kabisa na sauti zikapanda, simama uwaambie kwamba pati ya chai ya kisiasa ilishafanyika, Boston huko Marekani, tarehe 16 Desemba 1773, watu wakagomea kodi ya Waingereza, masanduku 342 ya chai yakamwagwa baharini na hakuna aliyeambulia hata kikombe, kwa hiyo wanaotaka ya namna hiyo waende baharini, hapa tunakunywa.

Na ukiona siku imekuharibikia kumbuka tu mwisho wa Rikyū. Mwaka 1591 mtawala aliyekuwa anamtumikia, Hideyoshi, alimwamuru ajiue, na kabla ya kufa yule mzee inasemekana aliandaa chai ya mwisho. Yani kwa viwango vya fani hii, kaka na shemeji kununiana ni hafla iliyofana.

Shangazi naomba unisaidie kuamua kesi. Wifi yangu kila akija kwangu anaonja chai anakunja uso, anasema nimeiwahisha, au nimeichelewesha, au maziwa nimetanguliza. Kuna sheria kweli? – Mchovu wa Kuonjwa

Utacheka, ipo. Shirika la kimataifa la viwango, hao hao wanaopanga saizi za karatasi na nati, walitoa kiwango namba ISO 3103 mwaka 1980 cha namna ya kuandaa chai, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwenye chombo cha kaure, dakika 6. Ila kiwango chenyewe ni kwa ajili ya waonjaji wa kitaalamu wanaotaka kulinganisha chai na chai, hakikuandikwa ili mtu afurahie, ukinywa ya dakika 6 kavu kavu utaona ulimi umevaa koti. Waingereza nao walikuwa na cha kwao, BS 6008, kurasa sita, na mwaka 1999 kikapewa tuzo ya Ig Nobel, zile zinazotolewa kwa kazi za kuchekesha kwanza na kufikirisha baadae.

Kwa hiyo wifi akija tena mpokee na saa ya ukutani, kijiko cha kupimia na karatasi ya alama, mwambie leo wewe ndo mwonjaji rasmi, andika. Mtu wa kukunja uso ukimpa kazi hiyo rasmi anaichukia ndani ya wiki moja. Maziwa tanguliza au malizia, mi sijali na wewe usijali.

Je, nikinywa niinue kidole cha mwisho? – Nauliza tu

Hapana. Hata kwenye meza za wakubwa hawainui, hiyo ni ya waigizaji.

Shangazi shikamoo. Mwezi jana nilialika chai, kila kitu kilikuwa kizuri mpaka rafiki yangu mmoja, ambaye alikuwa anacheka kuliko wote, akaanza kulia na keki mdomoni. Kumbe kaachishwa kazi wiki ile. Nilibaki nimeshika chujio sijui niseme nini, nikamuuliza kama anaongeza sukari. Najisikia vibaya mpaka leo. – Nimeshika Chujio

Marahaba. Mbona ulifanya vizuri tu. Ulitaka useme nini, hotuba? Mtu analia mbele za watu kitu cha kwanza anachohitaji ni macho yaondoke kwake na mikono yake ipate cha kushika, kikombe cha moto kinafanya vyote viwili, anashika, anapuliza, anainamia mvuke, na akiulizwa kuhusu sukari anapata swali moja duniani ambalo jibu lake analijua. Hicho ndo kinanifanya nitetee hii chai kila siku, ina vijishughuli vingi vidogo, kumimina, kuchuja, kukoroga, kupitisha, mtu akivunjika katikati ya meza wengine wana cha kufanya badala ya kumkodolea.

Ulichobakiza ni cha baadae. Kesho yake ulitakiwa umpigie, na kama hukumpigia basi mpigie leo, usimtumie kikatuni cha kukumbatiana. Mwambie keki ilibaki hata kama haikubaki, aje, nyie wawili tu, bila kitambaa cha meza. Na usianze na "unaendeleaje", hilo swali limechosha watu wanaotafuta kazi, anza na umbea, kazi ataitaja mwenyewe.

Ila na nyie wengine mnaoalikwa mkiwa na msiba wa kazi, keki mmezeni kwanza, kupaliwa ni hatari.

Anti, wageni wakigoma kuondoka? Niliandika saa kumi na mbili kama unavyosemaga, saa tatu usiku bado wapo, na watoto wangu walikuwa wanachungulia dirishani wakisubiri kula. – Mwenyeji Mateka

Umeondoa buli mezani? Buli likiwa mezani mgeni anahesabu bado kuna kikao. Saa kumi na mbili kasoro robo uliza nani anamalizia, sema hilo neno kabisa, kumalizia, mimina, alafu buli liende jikoni na lisirudi. Wenye masikio wataanza kutafuta mikoba. Waliobaki anza kukusanya sahani, usivute ya mtu anayekula lakini zingine zote zichukue, washa taa kubwa, maana hakuna umbea unaonoga chini ya taa kubwa, na mtoto mmoja aje aulize kwa sauti mama tunakula saa ngapi, huyo sio utovu wa adabu huyo ni mfanyakazi wako.

Akibaki mmoja nenda jikoni uanze kuosha vikombe kwa kelele. Na kama akikufuata huko huko, akachukua kitambaa bila kuombwa akaanza kukausha visahani kimoja kimoja, basi wape watoto chakula chao, chemsha maji tena, na umuulize nyumbani kuna nini.